Simu ya Daktari na Sufuria ya Ajvar

Daktari aliahidi kupiga simu Ijumaa kabla ya saa sita, baada ya kusoma vipimo, amwambie Dafina kama itabidi apasuliwe moyo. Dafina akaitikia, akapitia sokoni mjini Strumica, akarudi nyumbani na kilo arobaini za pilipili hoho nyekundu. Mwingine angelala kitandani ahesabu mapigo. Yeye alikuwa na ajvar ya kupika, ile rojo ya pilipili ya kuweka akiba, kabla ya majira ya baridi, na ajvar haimngoji daktari.

Ijumaa asubuhi pilipili zilikuwa zimeshachomwa, zikamenywa na kusagwa, zinatokota uani kwenye sufuria kubwa. Dafina alisimama na mwiko. Ajvar ikianza kuwa nzito haiachwi hata kidogo, la sivyo itashika chini, na kwa miaka arobaini na moja ya ndoa hakuwahi kumkabidhi mtu mwiko wake. Hata mama mkwe alinyimwa.

Aliyehangaika ni mumewe, Metodi. Alizunguka ua na simu mkononi, akiitazama kila hatua.

"Keti basi, unanitia kizunguzungu."

"Nitaketije? Kwani wewe huogopi?"

"Niogope nini? Chumvi nimeshatia."

Jirani yao Slobotka akachungulia juu ya ukuta. "Dafina, wamepiga?"

"Bado. Wewe kwako huna sufuria ya kuangalia?"

"Haya, ulimi angalau ni mzima!" Slobotka akacheka, akatoweka.

Simu ikalia saa tano na nusu. Metodi akamshikia sikioni. Dafina alisikiliza, akasema "ndiyo, daktari" mara tatu, huku anakoroga vilevile.

"Vidonge tu," akamwambia mumewe. "Hakuna kisu."

Metodi akaangua kilio, mzee mzima, bila haya. Dafina akataka kumcheka, akashindwa. Akamtia mwiko mkononi, akaketi juu ya kreti tupu.

"Nilikuwa naogopa, Metodi. Tangu Jumatatu sijalala."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungetangulia kufa wewe. Koroga!"

Hakukoroga. Alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili, na Dafina hakuitoa, ingawa harufu ya kuungua ilimfikia puani vizuri kabisa. Baridi ile yote waliila ajvar yenye ladha ya moshi, na kila mgeni aliyekunja uso aliongezewa kijiko kingine.