Kurasa Zilizoenda na Karanga

Vitabu tunavyosoma mutaani kwetu Mabanga tunavitoa soko la Birere, kwa wamama wa karanga. Wanavinunua vimezeeka, kwa kilo, wanachana ukurasa, wanaukunja, wanamimina karanga ndani. Na wanaanza kuchana toka nyuma. Niliwauliza siku moja kwa nini nyuma, wakanicheka, eti Madamu na maswali yake. Ukiwahi asubuhi unapata kitabu karibu kizima. Ukichelewa, mwisho wake unatembea sokoni umebeba karanga.

Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, darasa la tano, na sasa nauza makaye ya kuandikia na bic katika kibutiki mbele ya parsele yangu, kiwanja chenye nyumba yangu. Jumapili, saa kumi, wale wanaopenda kusoma wanakuja kukaa kwenye barza yangu. Hatuchagui somo. Kila mutu anasoma kile alichokipata na anakuja kutuambia anakionaje. Motari mmoja, mwendesha pikipiki na baba wa watoto wane, alituletea kitabu cha mimba na uzazi, akasema kila mwanaume angekisoma mbele ya kupeleka mahari, kwa sababu yeye miaka yote alifikiri muke wake anajifanya kuchoka. Mama mmoja wa kwaya alisoma kitabu cha mapishi akakirudisha na hasira: kinataka vitu visivyopatikana soko lolote la Goma, na juu ya sombe, majani yetu ya muhogo, hakisemi hata neno moja. Tulicheka sana siku hiyo, na chai iliisha mapema.

Kurasa zinazokosekana ndizo zilizotuletea desturi yetu. Ilianza na muzee mmoja aliyekuwa agronome, bwana shamba, sasa yuko pansheni. Alisoma kitabu cha kufuga kuku, kizuri kabisa, ila sura ya magonjwa ilikuwa imekwenda na karanga. Muzee akafuga, kuku wakakufa wote kwa juma moja. Akaja kwenye barza, akasimama, akasema kwamba hawezi kutoa maoni juu ya nusu ya kitabu, basi atatuambia yeye mwenyewe sura ile ilikuwa inasema nini, sasa anaijua kuliko aliyeiandika. Tangu siku ile ikawa sheria. Kitabu kikikosa kurasa, aliyekisoma anazijaza kwa kinywa chake, na sisi tunasema kama zimeshika ao hazijashika.

Mimi nikaongeza points. Mwalimu haachi ualimu hivi hivi. Nilikuwa na kikaye kidogo na bic nyekundu, na kila mutu akimaliza kujaza nilimupa kitu juu ya kumi, nikikisoma kwa sauti. Muzee alipata nane. Motari alipata sita akalalamika juma zima. Watu walipenda, au nilifikiri wanapenda. Nilikuwa mukali, nasema ukweli, na nilijivunia ukali wangu. Niliona aibu mutu kumusifia mwingine uongo ili tu chai inywewe kwa amani.

Sasa kulikuwa na mama mmoja anayeuza maharagi Birere, mutu wa Butembo kama mimi. Bwana yake alipanda lori la wafanyabiashara kwenda upande wa Walikale, na hakurudi. Hakukuja habari, hakukuja maiti, hata simu yake ilikuwa inalia siku chache kisha ikanyamaza. Huu ulikuwa mwaka wa ine. Shemeji zake walitaka matanga yafanyike, mambo yaishe, roho ya ndugu yao ipumzike. Kila walipokuja, mama aliwapikia, wakakula wakashiba, kisha akawauliza maiti iko wapi. Wakaenda zao. Mabanga yote ilijua, na mimi nilijua. Nikisema sikujua nitakuwa naongopa.

Yeye alikuwa anakuja kila Jumapili na hasemi kitu. Anakunywa chai, anasikiliza, anaenda. Halafu siku moja alisimama. Alikuwa na hadithi, kitabu chembamba, ile aina ya watu wa mapenzi na safari. Mwanaume mmoja anaondoka kutafuta maisha, muke anabaki anamungojea, na kurasa kama kumi na tano za mwisho hazimo.

Mama alijaza vizuri, na polepole. Alisema yule mwanaume anarudi asubuhi ya siku ya kazi, siku isiyo na maana yoyote. Hapigi hodi, anasukuma mulango kama mutu aliyetoka tu nje kukojoa. Anauliza kama kuna maji ya moto. Muke hamuulizi alikuwa wapi, anaweka maji juu ya makaa, na mwanaume anaketi kwenye kiti chake anaanza kuvua viatu. Akasema basi, hapo ndipo kinaisha, akakaa.

Hakuna aliyesema imeshika ao haijashika. Wote walitazama chini, motari alikuwa anachezea kofia yake. Mutu mwenye akili angenyamaza pia. Lakini mimi kitabu kile nilikuwa nimeshakisoma kabla yake, na mimi ndiye niliyemupa. Nikafungua kikaye. Nikasema haijashika hata kidogo. Nikaeleza kwamba mwandishi ameonyesha toka katikati kwamba mwanaume amekufa: koti lake linaletwa na mutu ambaye hamutazami muke machoni, muke mwenyewe anauza baiskeli yake, na mutoto anaacha kumutaja. Mutu anayesoma vizuri anaona. Nikaandika, nikasoma kwa sauti: mbili juu ya kumi.

Ulimi hauna mufupa. Mama alisema tu, aksanti Madamu, akakunja kitenge chake vizuri, akaaga mutu mumoja mumoja kwa mukono, na kwangu pia akanyoosha mukono. Ulikuwa wa baridi. Alipotoka, muzee wa kuku akaniambia kwa sauti ndogo kwamba darasa la tano lilifungwa zamani, na wale wanaokuja hapa ni watu wazima. Nikamujibu vibaya. Nikasema kitabu ni kitabu. Usiku sikukula.

Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Mimi nilikuwa najitetea moyoni, na kila nikijitetea naona ubaya wangu zaidi. Halafu nikapata wazo la kijinga, ila wakati ule nililiona la maana: nitafute kitabu kizima. Pengine mwanaume anarudi kweli. Pengine mimi ndiye nimesoma vibaya, na hapo nitakwenda kwake na kitabu mukononi nikubali mbele ya watu wote kwamba nilikosea. Sijawahi kutamani kukosea namna ile.

Mwalimu mwenzangu wa zamani anafundisha kule Kibati, nje ya muji, na shule yao ina kabati la vitabu ambalo hakuna muuza karanga aliyelifikia. Nikamupigia simu, akaangalia, akasema kipo. Nilipanda moto, pikipiki ya kulipia, nikaenda. Ilikuwa inanyesha kidogo kidogo, na nilifika nimelowa magoti. Alinifungulia darasa tupu, nikaketi kwenye benchi la wanafunzi, nikaenda moja kwa moja kwenye kurasa kumi na tano za mwisho.

Mwanaume amekufa. Amekufa zamani, mbele hata ya koti kuletwa. Nilikuwa sahihi kwa kila kitu, hata kwa habari ya baiskeli, na nilikaa pale kwenye benchi nalia kama mutoto aliyeshindwa mutihani. Mwenzangu alifikiri ni hadithi iliyoniliza. Sikumueleza.

Ningeweza kukirudisha kabatini, ila nilikiazima. Nilifikiri pia kuzichana zile kurasa, nimupelekee mama kitabu kama kile alichokuwa nacho, nimwambie hata kile cha Kibati hakina mwisho. Njiani nilibadilisha mawazo mara nyingi. Mwishoni nilimwambia mwenye moto asinipeleke Mabanga, anishushe Birere, kitabu kikiwa kizima ndani ya sakoshi.

Nilimukuta mama anapimia muteja maharagi kwa kopo. Alimumaliza muteja wake bila haraka, akanivutia kiti kidogo. Uso wake ulikuwa mutulivu, hakuna kisirani. Nikatoa kitabu. Nikamwambia nimekipata kizima, sijui kama anataka kukiona, na nikaomba musamaha, nafikiri mara tatu, kwa maneno yaliyogongana. Mimi niliyefundisha watoto kusema sentensi nzima.

Hakukigusa. Alifuta mikono kwenye kitenge.

«Madamu, mi pia nilisoma,» akasema. «Ile koti, ile kinga muke aliuza, ile baiskeli, yote niliona. Nilijua amekufa.»

Nikamuuliza kwa nini basi alijaza vile.

«Kwangu hakuna mutu anaweza kuniacha niseme anarudi. Shemeji wananikatiza, kanisani wananihurumia, watoto wanalia. Nikaona kwenu mutu anasema mupaka anamaliza. Nilitaka niseme mara moja mbele ya watu, imalizike, nisikie iko namna gani.» Akatazama maharagi yake. «Ungeniachia tu ile dakika, nisikie watu wanasema imeshika.»

Nikasema bado inawezekana, aje Jumapili, asimame tena, kikaye nimekwisha kukitupa motoni, na wote tutamusikiliza mupaka mwisho. Nilikuwa namubembeleza, mimi ambaye sijui kubembeleza.

Akatikisa kichwa. Aliniambia kwamba jioni ile, alipotoka kwenye barza yangu, hakupitia nyumbani. Alikwenda kwa shemeji mukubwa, akamukuta anakula, akamuambia wapange siku ya matanga. Alisema alichoka njiani tu, kati ya kwangu na kule. Sauti yake haikubadilika alipolisema, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

«Ni hii Jumapili,» akasema. «Saa kumi. Najua ile njo saa yenu ya vitabu, ila mukuje wote.»

Nikamuuliza tulete nini.

«Sukari,» akasema. «Watu watakuwa mingi.»