Ambargo ya Mawese

Kosa nililifanya nikiwa nimesimama, tena mbele ya watu, baada ya misa. Nilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ya wiki inayofuata hakuna Mrundi wa kijiji chetu atakayenunua hata tone la mawese kwa wauzaji wa Kikongo wa ng'ambo ya bonde. Watu wakapiga makofi. Nikaongeza maneno niliyoyasikia redioni, "vikwazo vya kiuchumi", makofi yakazidi. Nilikuwa nimekwisha kukaa, nimefurahi, ndipo nikakumbuka kwamba mke wangu ana mgahawa wa maharage, na maharage yake hupikwa kwa mawese, na mawese hayo hutoka ng'ambo ya bonde.

Hasira yetu ilikuwa na sababu. Tangu Pasaka, Mama Furaha na wenzake wachache wanaouza mawese hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda, walikuwa wanajaza chupa kwa namna mbili. Mkongo mwenzao akija, chupa inajaa hadi mdomoni. Mrundi akija, inaishia mabegani. Bei ni ileile. Nilipomwuliza, alijibu huku anafuta mikono kwenye kitenge chake: "Papa Chanella, kama unaona ni kidogo, enda fasi ingine. Nani alikufunga kamba?" Hakuna aliyenifunga. Shida ni kwamba fasi nyingine haikuwepo, naye alijua.

Nyumbani, mke wangu Spesiyoza hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Weye umefunga mgahawa wangu kwa mdomo," alisema, akiligonga dumu la mawese. "Mafuta yako chini kabisa mwa bido. Yakiisha, ntapika hiyo radio yako, na utaila."

Jirani yetu Mama Goreti alikuwa anasikiliza kutoka uani kwake, kama kawaida yake. Yeye alikuwa mtu mzima wakati nchi za jirani zilipotuwekea ambargo, yaani vikwazo, kule nyumbani. Mimi nilikuwa mtoto, na ninachokumbuka ni mama akipima chumvi kwa ncha ya kijiko. Mama Goreti anakumbuka yote: nani alipona, nani alifunga duka, na kwa nini.

"Sisi ambargo tumeilala chini yake," alisema. "Mwenye kufunga njia anaanza na kujaza stoo. Weye umeanza na hotuba. Basi enda Mbarara, ulete mafuta kabla ya Jumatatu."

Komite ya kijiji ilikubali upesi mno. Kila kaya ilitoa kidogo, na hakuna aliyejitolea kwenda badala yangu.

Hapa lazima mnifahamu. Mimi ni mtu wa mlangoni. Kiti changu kimechimba mashimo manne ardhini, moja kwa kila mguu wake. Miaka yote niliyokaa kambini nimefika Mbarara mara mbili, na mara moja nilikuwa nimezirai, kwa hiyo ile siihesabu. Spesiyoza alinifungia viazi vitamu kwenye kitambaa kana kwamba naenda Ulaya.

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la maharage. Kila wiki lori hilo huja kuchukua maharage yetu na kuyapeleka kwa Mama Brian, mnunuzi wa Mbarara, ambaye ndiye mtu pekee niliyemfahamu mjini. Nilikaa mbele na dereva, madumu yangu matupu yakigongana nyuma juu ya magunia. Ziwa lilibaki kushoto kwetu, jeupe kwa ukungu, kisha vilima vikalificha.

"Ssebo, unaenda Mbarara kufanya nini?" dereva aliuliza.

"Kuandaa ambargo."

Alifikiri kidogo. "Hiyo nauzwa wapi?"

Baada ya vilima, barabara iliingia kwenye mashamba ya ndizi ya Isingiro. Sikujua kwamba migomba inaweza kufuatana hivyo, kilima kwa kilima, bila mtu kuichoka. Tulisimama kupisha ng'ombe wenye pembe ndefu. Mmoja aliingiza pembe yake dirishani kwangu, nami nikamwachia nafasi. Dereva alicheka mpaka lami ilipoanza.

Mchana tuliingia Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, kwa Mama Brian. Mumewe ni sajini katika kambi ya jeshi, na sisi sote humwita Afande. Mama Brian aliponiona mlangoni alishika kichwa.

"Baba Chanella! Wewe natoka kwa nyumba? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Bado."

Nilieleza kila kitu. Afande alikuwa anang'arisha viatu, akaacha.

"Ngoja. Wewe nafunga njia ya adui, na stoo yako ya chakula iko upande ya adui?"

"Ndiyo, Afande."

"Mimi jeshini naona mtu nafanya hivyo mara moja tu. Walimtoa cheo."

Alasiri tulikwenda sokoni, mimi na Mama Brian. Muuzaji wa kwanza alikuwa na mawese mazuri ajabu: mekundu, yanang'aa, unaweza kuona kidole chako ng'ambo ya chupa. Moyo wangu ulisema nunua, lori linarudi kesho, na kitanda chako kinakungoja. Nilikwisha kufungua dumu. Kisha nikainama na kunusa. Hayakuwa na harufu ya kitu chochote.

Kuna mambo mengi nisiyoyajua, na mke wangu anayajua yote kwa majina. Lakini mimi ni mzaliwa wa Rumonge, kule nyumbani kwenye michikichi. Mama yangu alikamua mawese kando ya ziwa tangu nikiwa mgongoni kwake, na ngozi yake ilinukia mawese hata siku ya Jumapili. Mawese ya kweli hujisema yenyewe asubuhi kukiwa na baridi.

"Nipe kichupa kidogo nijaribu," nilisema.

"Mzee, unanunua ama unachunguza?" muuzaji aliuliza kwa hasira, lakini alinipa. Mama wa Kiganda mwenye kibanda cha mwisho sokoni alinipa kichupa kingine. Mawese yake yalikuwa mazito, na rangi yake haikuwa ya kujivunia. Alisema yanatoka visiwani, kwenye ziwa kubwa, humuhumu Uganda. Usiku ule vichupa viwili vililala nje, kwenye dirisha la Mama Brian.

Ijumaa asubuhi Mbarara ilikuwa na baridi ya kuvaa koti. Nilitoka kabla ya chai. Kichupa cha muuzaji wa kwanza kilikuwa vilevile, chepesi na angavu kama soda: mafuta ya kukaangia tu, yaliyotiwa rangi. Kile cha mama wa Kiganda kilikuwa kimeganda nusu, chembechembe za manjano zimejikusanya chini, na nilipofungua kizibo nilisimama pale dirishani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Afande alivigeuza vyote viwili chini juu. "Hii nasimama imara," alisema. "Hii ingine natoroka."

Tulijaza madumu yote kwa mama wa Kiganda. Ndipo hofu yangu ya pili ikaja: yatafikaje Nakivale kila wiki? Mafuta ya safari moja yasingeweka mgahawa wa Spesiyoza wazi mwezi mzima. Mama Brian alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto akitafuta kofia iliyo kichwani mwake.

"Lori yangu naenda kwenu kila wiki iko tupu. Narudi imejaa maharage. Mimi nalipa dereva kubeba hewa! Weka bido yako ndani, tutakata kwa bei ya maharage."

Niliona haya, kisha nikaona fahari, na fahari ndiyo iliyobaki. Miaka yote tulikuwa tunajiona watu wa kununua tu, kumbe maharage yetu wenyewe yalikwisha kutufungulia njia hadi Mbarara, na sisi tunaiacha irudi bila kitu.

Jioni ile lori lilinishusha mbele ya mgahawa. Spesiyoza alifungua dumu la kwanza, akanusa, akatia kidole, akaonja. Aliweka sufuria motoni na kukata kitunguu. Mimi nikajua nimesamehewa, kwa sehemu.

Jumatatu ambargo ilianza kweli. Mama Goreti ndiye aliyetoa amri zake, komite ikazirudia kana kwamba ni zake. Hakuna kumtukana Mkongo yeyote. Hakuna kumnyima mtu maharage, maana watoto wao hawakupanga bei. Na mawese yetu yapimwe hadi mdomoni, kwa kila anayekuja, hata akiwa Mkongo. Amri hiyo ya mwisho ilinikera kidogo, mpaka nilipoona Wakongo wa kando ya bonde wenyewe wanavuka na chupa zao, kwa kuwa kwetu palikuwa karibu kuliko kwa Mama Furaha.

Mgahawa haukufungwa hata siku moja. Baadhi ya wateja walinung'unika kwamba maharage yamebadilika ladha. Spesiyoza aliwaambia ladha hiyo inaitwa heshima, na mwenye kutoitaka akale kwake.

Kabla wiki haijaisha, Mama Furaha alikuja. Aliingia mgahawani, akakaa meza ya katikati, akaagiza sahani. Alikula polepole.

"Mafuta ya nani haya?"

"Ya Mbarara," Spesiyoza alijibu.

Mama Furaha aliagiza sahani ya pili. Alipoimaliza, alifuta mdomo. "Si mubaya. Ya kwangu inapita, lakini si mubaya. Sikia, mama. Kuanzia leo chupa ni moja kwa batu bote. Mpaka ku mudomo."

"Ni vizuri. Ntachukua nusu kwako, nusu Mbarara. Kila wiki."

"Nusu!"

"Nusu."

Mama Furaha alicheka, cheko kubwa la watu wa kwao, mpaka meza ikatikisika. "Weye mwanamke!" Akanigeukia mimi. "Papa Chanella, uko na bahati mingi. Kama ni weye ningekuuzia chupa ya maji ya rangi."

Hivyo ndivyo ilivyokwisha, na hadi leo tunanunua pande mbili. Nimejifunza kwamba kumfungia mtu njia si kazi ya kelele. Unajitayarisha kimya, unafungua njia ya pili, na ukiwa nayo, mara nyingi huna haja ya kuifunga ya kwanza. Mama Furaha sasa ni mteja wetu, na akipita hunisalimia "Président". Siwezi kudai kwamba silipendi jina hilo.

Jioni moja nilikuwa kwenye kiti changu, nawasimulia wageni safari yangu, kwa mara ya ngapi sijui, na nilikuwa nimefika pale kwenye kichupa kilichoganda. Mama Goreti alikuwa anamenya mihogo uani kwake. Hakuinua hata kichwa.

"Baba Chanella," alisema, "acha kujisifu. Ungechelewa siku moja tungekukaanga weye mwenyewe, na hata mafuta hatungekuwa nayo."