Kipa wa Chilangala na Penalti Tano za Mwingereza

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya sura moja ya kitabu iliyonikwamisha. Naandika maisha ya Walter Hesk, Mwingereza aliyecheza mpira kati ya vita kuu mbili za dunia. Alikuwa mchimba makaa aliyeanzia timu ndogo, mguu wake wa kushoto ukampandisha hadi ligi ya juu, kisha goti likamwangusha. Akaja kusini mwa nchi yetu kufundisha useremala misheni, na jioni mpira. Barua zake, nilizopewa na mjukuu wake, zinataja makipa wa Newala, Lipenga na Issa. Nilitaka kuwajua.

Masasi niliuliza siku mbili. Wazee walimjua "Bwana Kushoto" kwa kusimuliwa na baba zao. Lipenga hakujulikana. "Kama ni Issa," mmoja akaniambia, "panda Chilangala, kule Newala. Binti yake yupo, na habari za baba yake hazimwishi mdomoni."

Siku ya tatu asubuhi nikapanda uwanda wa juu, hewa ikipoa, mikorosho pande zote. Mama Fatu, binti wa Issa, alikuwa akimimina maji mtungini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenikuta siku ya vita!"

Nikamweleza habari za barua, naye akaniambia jioni hiyo ilikuwa fainali ya kombe la kijiji. Aliomba kombe lipewe jina la baba yake, aliyemzuia Mwingereza penalti tano mfululizo. Kamati ilitaka ushahidi kabla ya filimbi. Ukikosekana, lingeitwa kwa jina la mfanyabiashara aliyelinunua.

Saa tisa alasiri tulikuwa uwanjani. Mwenyekiti wa kamati, Mmakua, mtani wa kabila la Mama Fatu, alimpokea kwa utani. "Mama Fatu, baba yako alidaka korosho zikidondoka, siyo penalti!"

"Na wako alidaka kuku wa jirani, mtani wangu!"

Watu wakacheka. Nikafungua barua nikasoma: "Leo Lipenga amenizuia penalti tano. Sijaaibishwa hivi hata kwetu."

Mwenyekiti akatikisa kichwa, safari hii bila utani. "Lipenga, siyo Issa. Pole, mama."

"Hilo ni jina la baba la utotoni," Mama Fatu akasema taratibu. "Mtu akishatoka jandoni ana jina jipya. Kumwita la zamani ni kumtukana. Mimi mwanawe nilitaje vipi mbele za watu?"

Hapo nikakumbuka barua ya miezi michache baadaye. Siku zote nilidhani Hesk alikuwa amechanganya makipa wake. Nikaisoma kwa sauti: "Leo nimemkosea kipa wangu. Nilimwita Lipenga, kaondoka golini, hakurudi mpaka nilipomwita Issa. Nimemwomba radhi, naye akanizuia tena."

Uwanja mzima ukalipuka. Mwenyekiti akainua mikono juu. "Mtani, umenifunga! Kombe la Issa!" Vigelegele vikaichelewesha mechi. Ilipokwisha, nahodha wa washindi akanyoosha mikono apokee kombe. Mama Fatu akalivuta kwake.

"Ngoja kwanza. Kipa wenu yuko wapi?"

Kesho yake nilishuka Masasi, na kwenye basi la kurudi nikafuta kurasa zilizomgawa mtu mmoja kuwa wawili. Msomaji wangu, barua zile nilikuwa nazo mwaka mzima. Maneno yote yalikuwamo, ila mimi sikuwa nimekaa na watu wa kunieleza. Sura yangu sasa imekamilika, na ndani yake Hesk ameshindwa vizuri kabisa.