Chungwa Kwenye Maji ya Kufulia

Mpaka leo nikiona chungwa linaelea juu ya maji, damu inanichemka.

Tulikuwa watu wanne wa chuo, tumetumwa kupima mto unaopita nyuma ya nyumba ya mama yangu, pale Songo. Ripoti yetu ndiyo ingeamua ukuta wa mawe wa kuzuia mafuriko ujengwe wapi: kwake, ao kwingine. Shefu wetu, mwalimu wangu, alipenda njia ya chungwa. Unalitupa majini, linaelea mita ishirini, muntu anashika saa. Njia nzuri, sikatai. Lakini jamani, unapimia wapi?

Alipimia mahali mama zetu wanafulia! Kila asubuhi wanapanga mawe kukata mto, maji yatulie, nguo zisikimbilie ziwani. Jioni wanayabomoa, wanarudi nyumbani. Kila mutoto wa Songo anajua hivyo. Chungwa likatambaa kama mzee anayetoka misa.

Mama yangu, mikono imejaa povu, akapaza sauti: "Baba, hapo munapima karai yetu, hamupimi mto! Mupande kule juu, ao mungoje tubomoe."

Shefu akacheka. "Mama, weye fua. Sisi tuko na mbinu."

Mbinu! Mbinu gani hiyo isiyojua kuuliza mwenye mto?

Na minye? Nilinyamaza, kwani yeye ndiye angesahihisha kazi yangu ya mwisho. Kwenye ripoti tuliandika ukurasa mzima wa kasoro za kipimo: upepo, chungwa kugonga jiwe, kidole kuchelewa kwenye saa. Mawe ya akina mama, hata neno moja. Mto wa hapa, tukaandika, iko mtulivu. Ukuta ukajengwa kwingine.

Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga milimani, mto ulishuka ukabeba jiko la mama, ukabeba na chumba chake cha kulala. Mlango peke yake ndio ulibaki umesimama.

Nilimkuta anakwangua tope kwenye sufuria. Nikaanza kumtukana shefu: mjinga, mwenye kiburi, muntu asiyesikia! Nilitukana mpaka koo likakauka. Mama aliniacha nimalize.

"Na saa," akauliza, "ile siku nani aliishika?"

"Minye, mama."

Akaninyooshea beleshi.

"Basi shika na hii."