Nguzo ya Nyuma ya Zizi

Kazini walimwita Mipaka, na jina likamganda. Miaka kumi na tisa alikuwa akichimbia nguzo za halmashauri, zile za zege zinazomwambia mtu kwamba ametoka jijini na kuingia viungani. Wanaodhani tofauti ni maghorofa hawajui wasemalo. Ndani ya nguzo kuna gari la taka, bomba la maji na bwana afya. Nje yake unachoma taka zako mwenyewe, unachota kisimani, na unafuga unachotaka.

Jiji likapanuliwa. Mipaka alipokunjua ramani mpya aliona mstari umepita nyuma ya zizi la mama yake mzazi na kuliingiza jijini. Jijini ng'ombe hafugwi, na mama alikuwa na ng'ombe mmoja, ambaye tangu afiwe na mumewe alizungumza naye zaidi kuliko alivyozungumza na wanawe. Kumnyang'anya kulikuwa kumfanya mjane mara ya pili.

Lakini bwana afya alikuwa mvivu wa kutupwa. Ramani hafungui, anaangalia nguzo tu. Nguzo ikirudishwa hatua sitini kuelekea mjini, ng'ombe amepona. Mipaka alifika na koleo, mchanga na saruji, akamnong'oneza mama yake mpango huo kama mwizi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mafundi wa bomba nao wanaangalia nini. Mipaka alijikuna kichwa. Wao pia walifuata nguzo. Ikirudishwa, jirani wa mbele ya zizi, mwenye mapacha wachanga, aliyeteremka kisimani mara nne kwa siku, angebaki na ndoo yake.

"Ichimbie pale ilipoandikwa," mama alisema.

"Na ng'ombe, mama?"

"Atakwenda kwa dada yako. Wewe chimba, jua linapanda."

Alichimba kwa hasira, asijue amkasirikie nani. Zege lilipokuwa tayari, mama aliishika nguzo kwa mikono miwili ili yeye amwage. Ng'ombe aliwatazama juu ya uzio. Mama hakugeuka hata mara moja, ila machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa kazini.

"Imeinama upande wako," alisema. "Inyooshe, mwanangu. Ng'ombe wangu hawezi kuondoka kwa ajili ya nguzo iliyopinda."