Mshumaa wa Safta

Saa nne asubuhi, Ijumaa, Domnica Hâncu ameinamia darubini katika maabara mjini Iași mlango unapogongwa. Mzee asiyemfahamu amesimama hapo, kofia mkononi.

"Daktari ameniambia kipande cha mke wangu kimo humu, na bado ni kizima. Kweli, binti?"

Mzee Sofron amefiwa alfajiri hii. Jana mkewe, Safta, alipasuliwa uvimbe kwenye ubongo, baada ya kutia saini kwamba kitakachokatwa wapewe watafiti.

"Kweli, mzee. Njoo uone."

Chini ya darubini, mshipa mwembamba kuliko unywele umeshikwa na seli ndogo mithili ya vidole. Mwilini, seli hizo zikibana, damu hupungua, zikilegea, hupita. Moja inabana. Halafu inalegea.

"Bado anabisha!" Mzee anacheka huku machozi yakimtoka. "Ndiye Safta huyo. Sasa mshumaa wake niuweke wapi? Kanisani kuna sanduku la mishumaa ya walio hai na la mishumaa ya wafu. Padri anasema la wafu. Mkono wangu umekataa."

Domnica anamwahidi: seli ya mwisho ikitulia, atampigia simu; hadi hapo mshumaa ukae kwa walio hai.

Mama huyu wa miaka 54 amekata vipande hivi kwa miaka kumi na tisa. Mshahara wake sasa ni lei elfu nne kwa mwezi. Mumewe, Neculai, alifariki mwaka jana kwa kiharusi.

"Walitoa bonge la damu, mshipa mkubwa ukafunguka," anawaambia wenzake wa maabara. "Hii midogo haikufunguka. Seli hizi zikikosa hewa hubana, zikafa vivyo hivyo, kama ngumi. Natamani tupate dawa ya kuzibembeleza zilegee mapema. Neculai hakuiwahi, labda mwingine ataiwahi."

Jumamosi ni kumbukumbu ya mwaka ya Neculai, kijijini. Basi ni moja tu, la saa tatu. Saa tatu inafika, seli mbili bado zinacheza.

Wifi yake anapiga simu. "Wewe! Marehemu ni wako au wetu? Ngano ya kumwombea marehemu imeshachemshwa, padri yuko njiani!"

"Nisameheni, wifi. Anzeni."

Saa sita na robo, seli ya mwisho inabana. Domnica anasubiri ilegee. Anasubiri tena.

"Mzee Sofron," anasema kwenye simu. "Sasa."

Kule kanisani, mzee anauchomoa mshumaa na kuusimika kwenye sanduku la wafu.

"Nimeuhamisha, binti. Nenda kapumzike."

"Nilikuwa niende kwenye kumbukumbu ya mume wangu, mzee. Basi limeniacha."

Mzee anapapasa mfukoni.

"Umebaki mshumaa mmoja. Alikuwa anaitwa nani?"

"Neculai."