Nafasi ya Bi Sihaba Maparoni

Bi Sihaba aligombana na watu wengi, ila na Mungu wake na marehemu mumewe hakugombana hata siku moja. Swala tano alizishika mpaka magoti yakagoma, akaendelea kuswali amekaa. Na Tamimu, mume aliyemwacha mjane angali kijana, alimtunza kule kaburini kama mtu aliyelala chumba cha pili.

Waposaji walikuja, akiwemo mmoja mwenye boti ya injini. Wote aliwatimua. Alilima mpunga wake pale Maparoni, akashinda juu ya dungu la miti akiamia ndege wasiule, kwa makelele yaliyosikika ng'ambo ya mto. Akalea watoto, akalea wajukuu, akamlea na Zamda, kitukuu wake, ambaye kwa utani alimwita mke mwenzangu.

Kila Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, alipalilia kaburi la Tamimu lililokuwa kando ya mto. Macho yalipopoteza nuru akahamishiwa Kibiti nyumbani kwa Zamda, lakini safari ile haikukatika. Sheikh mmoja aliwahi kumwambia kwamba kuzuru makaburi si kazi ya wanawake. "Haya, njoo upalilie wewe," alimjibu, na sheikh wa watu akakumbuka ana shughuli msikitini.

Ubavuni mwa kaburi lile palikuwa na nafasi aliyoizungushia vijiti vya mkoko. Hapo ni pake, na ole wake atakayemzika kwingine. Jembe siku hizo alilishika Zamda, ambaye ni fundi cherehani na mikono yake haijui mpini. Kila mwaka alirudi na malengelenge, na kila mwaka bibi aliyapapasa na kucheka.

"Mke gani wewe? Tamimu angekurudisha kwenu siku ya pili!"

Mwaka huu bibi hakuweza hata kuketi.

"Nenda wewe, mke mwenzangu," alisema. "Unipalilie, uniangalizie na nafasi yangu."

Zamda akaenda. Mjomba wake Mshamu, mjukuu wa Bi Sihaba aliyebaki Maparoni, alimpokea bila kumtazama usoni, akatangulia mpaka mahali walipozoea kusimama. Mbele yao yalipita maji ya rangi ya udongo. Mafuriko yalikuwa yameumega ukingo, na kaburi, na nafasi, na vijiti vyake vyote vilikuwa vimekwenda.

"Simu nimeishika mara ngapi, mwanangu," alisema Mshamu. "Nikishaishika, nimwambieje?"

Zamda alikuwa na jembe begani na hakujua aliweke wapi. Alilia, kisha akanawa uso kwa maji yale yale, kwa sababu hapakuwa na mengine. Akarudi Kibiti na uongo wake tayari.

"Umepalilia?"

"Nimepalilia, bibi."

"Na nafasi yangu?"

"Ipo, bibi. Vijiti vyote vimesimama."

"Alhamdulillahi. Haya, lete mikono nikucheke."

Hilo Zamda alikuwa amelisahau. Bibi alipapasa kiganja cha kulia, akapapasa cha kushoto, akarudia tena cha kulia, taratibu, kwenye mashina ya vidole ambako malengelenge hukaa. Palikuwa laini. Zamda alisubiri atukanwe, na wallahi angeshukuru kutukanwa. Bi Sihaba alimkunja vidole kimoja kimoja, akamrudishia mkono wake, akajivutia kanga.

Tangu hapo bibi hakuitaja tena Maparoni.

Kabla mwezi haujaandama hali yake ikawa mbaya. Mshamu alikuja, akamwinamia sikioni. Naye alikuwa amejiandaa kumdanganya.

"Bibi, wosia wako tunaujua. Mungu akikuchukua, tutakupeleka kwa babu, Maparoni."

"Popote tu, wanangu," alisema Bi Sihaba.

Zamda alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pazia. Mwanamke huyu alibishana na waposaji, akabishana na masheikh, akabishana na ndege wa angani. Zamda akamwomba Mungu amtie bibi nguvu abishe na sasa, hata kwa neno moja. Mshamu alirudia kumwambia. Bibi alikuwa ameshafumba macho, na midomo yake ilikuwa kwenye shahada.